Armadilo mkubwa wa Brazili na mizinga ya nyuki: je, anaishi shambani au anapita tu?

Mrina wa Sikonge ameuliza:

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mfugaji wa nyuki wilayani Sikonge, mkoa wa Tabora, na kazi hii nimeirithi kwa baba yangu, ambaye hadi leo hutundika mizinga ya magogo juu ya miti ya miombo kama walivyofanya wazee wake. Hivi karibuni nilisoma habari za wafugaji nyuki wa jimbo la Mato Grosso do Sul, nchini Brazili, ambao mizinga yao hupinduliwa na kuvunjwa usiku na armadilo mkubwa, yule mnyama mwenye gamba gumu ambaye baadhi yetu humwita kakakuona wa Amerika. Habari hiyo ilinigusa, kwa sababu nami nimewahi kuamka na kukuta mzinga wangu wa boksi umelala ubavu, masega yametapakaa kwenye majani na majana yote, yaani watoto wa nyuki, yameliwa. Kwangu mimi ilikuwa kazi ya nyegere. Naujua uchungu wa kuokota fremu moja moja huku nyuki waliosalia wamejikunyata chini ya kifuniko, hawana malkia wala hawajui pa kwenda.

Jambo linalonitatiza ni hili. Habari niliyoisoma ilisema kwamba mnyama huyo "amevamia mashamba". Ninavyoelewa mimi, mvamizi ana kwake anakotoka, na jioni hurudi huko. Sasa mnyama wa kilo 30 na zaidi, anayechimba shimo la kulala, analala wapi katika nchi ambayo kwa picha nilizoziona ni soya, miwa, mikalitusi na malisho ya ng'ombe hadi upeo wa macho? Je, shamba limekwisha kuwa makazi yake, au analala porini na kupita shambani akitafuta riziki? Tena, mnyama asiyeonekana mchana, watafiti wanajuaje anakolala na anakokula? Naomba mwenye ujuzi anijibu kwa kirefu, maana naamini jibu lake linatuhusu hata sisi huku.

Binti Mtafiti amejibu:

Shikamoo kaka, na nakushukuru kwa kuliuliza swali hili namna hiyo, kwa kuwa neno "kuvamia" nami limenikera siku nyingi. Nimeishi Campo Grande, mji mkuu wa jimbo hilo, kwa miaka kadhaa nikisomea ikolojia ya wanyamapori, na nimetembea sana katika mapori na mashamba unayoyasema.

Nianze na mnyama mwenyewe. Kwa Kireno armadilo wote huitwa tatu, jina lililotokana na lugha ya Kitupi, na kila mmoja huongezewa sifa yake. Huyu mkubwa ni tatu-canastra. Ndiye mkubwa kuliko armadilo wote walio hai; kutoka puani hadi ncha ya mkia anaweza kufikia mita moja na nusu, na ukucha wa kati wa mguu wa mbele ni mrefu kuliko kidole chochote cha binadamu. Chakula chake hasa ni mchwa na chungu, yaani sisimizi. Si ndugu wa kakakuona hata kidogo, kwa sababu magamba ya kakakuona ni ya kitu kile kile cha kucha zetu, ilhali gamba la armadilo lina vipande vya mfupa chini ya ngozi. Kwa maisha yake anamkaribia zaidi muhanga, ingawa naye hawana undugu: wote wawili hutembea usiku peke yao, hubomoa vichuguu, na huacha nyuma yao mashimo yanayowafaa wanyama wengine.

Sasa nije kwenye swali lako. Unapouliza mnyama anaishi wapi, kwa kweli unauliza mambo matatu: analala wapi, anakula wapi, na anapita wapi. Mtu akimwona armadilo mkubwa anavuka barabara ya shamba la mikalitusi saa nane za usiku, husema "anaishi kwenye mikalitusi", kumbe alikuwa safarini kutoka kipande kimoja cha pori kwenda kingine. Shimo la kulala ndilo linalosema ukweli zaidi. Huchimba urefu wa mita kadhaa, mlango wake una upana wa takriban sentimita 40, na mbele yake huacha kilima cha mchanga ambacho ukikiona mara moja hutakisahau. Ndani yake joto hukaa karibu nyuzi 25 hata nje kukiwa na baridi ya asubuhi au jua la kupasua mawe, na mnyama hushinda humo sehemu kubwa ya siku. Shimo moja hulitumia kwa siku moja, mara nyingine siku chache, kisha huchimba jingine. Kwa hiyo anahitaji udongo unaochimbika usiogeuzwa kila msimu na trekta, kivuli, na vichuguu vingi mahali pamoja. Shamba la soya halimpi hata kimoja kati ya hivyo. Anavuka humo, lakini hawezi kujenga maisha humo.

Kuhusu namna ya kujua, kazi kubwa ilianza mwaka 2010 katika Pantanal, lile bonde kubwa la mafuriko magharibi mwa jimbo, chini ya mtafiti Arnaud Desbiez na wenzake. Kabla ya hapo hata watu waliozaliwa kwenye mashamba yale ya ng'ombe walikuwa wakizeeka bila kumwona mnyama huyu hata mara moja. Watafiti hao walitumia kamera zinazojipiga zenyewe mnyama anapopita, na wanyama wachache waliokamatwa walifungwa vifaa vya kutuma mawimbi. Ikabainika kwamba mnyama mmoja huzunguka eneo la takriban kilomita za mraba 25, na kwamba katika kilomita za mraba 100 wanyama hao hawafiki hata kumi. Kamera zilizowekwa kwenye milango ya mashimo zilinasa zaidi ya aina 20 za wanyama wenye uti wa mgongo wakiyatumia: wengine walilala ndani, wengine walijipoza kwenye mchanga mbichi ule wa mlangoni, wengine walikuja kuwinda wale waliojificha.

Nikueleze kidogo kazi ilivyo kwa mikono, kwa sababu watu hudhani ni mambo ya mitambo tu. Unapiga magoti mbele ya shimo na kwanza unatazama kama kuna utando wa buibui mlangoni. Utando mzima ukiwa na majani makavu yaliyonasa, basi shimo ni la zamani. Mchanga ukiwa na unyevu na rangi tofauti na ule wa pembeni, amelichimba jana au juzi. Unapima upana wa mlango kwa futi ya kamba, kwa kuwa armadilo wadogo nao wanachimba, na shimo la sentimita 20 si lake. Kisha unaifunga kamera kwenye mti, kimo cha goti, ikitazama mlango kwa mshazari ili isipigwe na jua la asubuhi. Halafu unaondoka, na unarudi baada ya wiki kadhaa ukiomba mvua isiwe imeingia ndani ya boksi lake.

Sasa mizinga. Hili ndilo ningependa wanajukwaa wote walitafakari. Mfugaji nyuki wa Mato Grosso do Sul haweki mizinga katikati ya soya. Anaiweka mbali na nyumba na mifugo, pembeni ya kipande cha pori la asili kilichobaki, kwa sababu nyuki wanahitaji maua ya namna nyingi, maji na kivuli. Mahali hapo ndipo armadilo mkubwa naye analala. Kwa hiyo hakuna aliyemfuata mwenzake. Wote wawili walichagua kichaka kimoja kwa sababu kinakaribia kuwa ndicho pekee kilichosalia. Cerrado, yaani savana ile ya Brazili ya kati, ilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo milioni 2, na karibu nusu yake imekwisha kufyekwa. Sheria ya misitu ya mwaka 2012 inamtaka mwenye ardhi katika eneo hilo la jimbo kubakiza asilimia 20 ya uoto wa asili, pamoja na ukanda kando ya mito. Armadilo mkubwa wa nchi ya mashamba anaishi ndani ya asilimia hizo 20 na kando ya mito hiyo, na mizinga nayo imo humo humo.

Mkazi wa Texas amejibu:

Habari zenu. Ningependa kuongeza upande mwingine, kwa sababu msomaji asije akadhani armadilo wote wanaogopa mashamba. Huku ninakoishi, kusini mwa Marekani, tuna armadilo wa mistari tisa, ambaye kwa ukubwa hamzidi paka mnene. Huyu alivuka mto Rio Grande kuingia Texas katika karne ya 19, na tangu hapo hajaacha kusonga kaskazini na mashariki. Mashamba hayakumzuia, malisho yenye vichaka pembeni, bustani zinazomwagiliwa maji na kingo za vijito vimemfaa sana. Kinachomzuia zaidi ni baridi, kwa kuwa hana mafuta wala manyoya ya kutosha, na ardhi ikiganda hawezi kuchimbua wadudu.

Nyuma ya nyumba yangu kuna kijito chembamba, na kila baada ya mvua naona vishimo vyake vidogo vyenye umbo la faneli, kina cha vidole vitatu hivi, vimefuatana kama mtu aliyekuwa akipanda mahindi bila kamba. Hapo alikuwa akinusa na kuchomoa funza wa mende. Shimo lake la kulala liko mita chache kutoka majini, chini ya mizizi ya mti ulioinama. Akishtuka huruka juu wima, na tabia hiyo ndiyo inayomuua barabarani, kwa sababu gari lingempita juu bila kumgusa kama angetulia. Huzaa watoto wanne wanaofanana kabisa, wote kutoka yai moja, kila mwaka. Mlinganishe na yule mkubwa, ambaye nimesoma kwamba huzaa mtoto mmoja tu baada ya miaka mingi. Nadhani tofauti hiyo ya uzazi na ya chakula inaeleza mambo mengi kuhusu nani anaweza kuishi na wakulima na nani hawezi.

Binti Mtafiti amejibu:

Umenena kweli kabisa, kaka. Huyo wa mistari tisa yupo Brazili pia, anaitwa tatu-galinha, yaani wa kuku, kwa sababu ya ladha ya nyama yake. Yuko na wa mistari sita, tatu-peba, ambaye hutembea mchana kwenye malisho ya wazi, hula matunda, mizoga na chochote akipatacho. Hawa wawili ndio mkulima anaowaona. Mkubwa huzaa mtoto mmoja baada ya mimba ya miezi mitano hivi, na hukaa takriban miaka mitatu kabla ya kuzaa mwingine. Jike mmoja akiuawa kwa sababu ya mizinga mitano, pengo lake halizibiki kwa miaka mingi. Ndiyo maana sipendi tunaposema "armadilo" kana kwamba ni mnyama mmoja.

Tabibu amejibu:

Samahani kwa kuingilia, lakini yapo mambo ya afya ambayo hayapaswi kuachwa. Armadilo wa mistari tisa hubeba vimelea vya ukoma, na katika kusini mwa Marekani ilithibitishwa mwaka 2011 kwamba watu wameambukizwa aina ile ile inayopatikana kwa wanyama hao. Huko Belterra, jimbo la Pará, kaskazini mwa Brazili, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta dalili za vimelea hivyo katika armadilo 10 kati ya 16 waliopimwa, na wanakijiji waliokula nyama hiyo mara nyingi zaidi walikuwa na viwango vya juu zaidi vya kingamwili. Mkulima anayekuta shimo karibu na bustani yake hana sababu ya kuogopa. Hatari iko kwa anayemkamata, kumchuna na kumpika. Na kwa haki ya mnyama niseme pia kwamba vimelea hivyo havikutoka kwake. Vililetwa Amerika na wanadamu waliovuka bahari, yeye akavipata kutoka kwetu. Ugonjwa huu unatibika kwa dawa mseto za miezi 6 au 12, na dawa hizo hutolewa bure.

Mwana wa Mkulima amejibu:

Nawaheshimu wataalamu, lakini naona mnamzungumzia mnyama zaidi ya mtu. Mfugaji nyuki mdogo aliyepoteza mizinga yake kwa usiku mmoja amepoteza ada ya mtoto. Mkulima wa soya ndiye aliyefyeka pori, na yeye hapotezi kitu. Sasa gharama ya kuishi na mnyama huyu inaangukia mabega ya yule ambaye hakufyeka hata mti mmoja, tena ambaye kazi yake inategemea pori lisimame. Je, hiyo ni haki?

Binti Mtafiti amejibu:

Ndugu yangu, sina la kupinga katika maneno yako, nami naliona jambo hili kama wewe unavyoliona. Wapo wafugaji nyuki walioniambia kwa vinywa vyao kwamba kabla ya kupata msaada walitega sumu, na walilisema hilo wakitazama chini, kwa sababu sheria ya Brazili inakataza kuua mnyamapori na kwa sababu wao wenyewe hawakulipenda.

Kilichofanyika ni mradi unaoitwa Canastras e Colmeias, yaani armadilo na mizinga, ulioanza mwaka 2015. Walikaa na wafugaji, wakatazama usiku kwa kamera mnyama anafanyaje, wakagundua kwamba hapandi. Anasimama kwa miguu ya nyuma, anaegemea kichanja, anakisukuma mpaka mzinga unaanguka. Mzinga ukishapasuka anakula majana, na kwa kuwa amejua njia, hurudi usiku unaofuata kwa mwingine. Vichanja vingi vilikuwa vya kimo cha goti. Wakaviinua hadi mita 1.3, mizinga ikawa haifikiki. Wapo wanaotumia uzio wa umeme, wapo wanaofunga mzinga kwa mkanda. Mfugaji anayekubali kulinda mizinga bila kumdhuru mnyama hupewa cheti, na asali yake huuzwa ikiwa na alama inayoonyesha hivyo, ili mnunuzi alipe zaidi kidogo. Afrika Kusini walifanya jambo la namna hiyo kwa ajili ya nyegere kabla yao.

Je, fedha hiyo inatosha? Kwa mwenye mizinga mingi karibu na mji, inasaidia. Kwa mwenye mizinga kumi, asiyeweza kuinua boksi lililojaa asali hadi kimo cha kifua bila msaidizi, kichanja kirefu kinakuwa mzigo mpya, na nimemwona mzee mmoja akipanda juu ya kreti la soda ili aweze kutoa fremu. Hapo naungana nawe: mwenye shamba kubwa, ambaye pori lake la asilimia 20 ndilo linalowabeba wote, angepaswa kuchangia.

Mrina wa Sikonge amejibu:

Dada yangu, Mungu akubariki. Nimesoma majibu yote mara mbili, nikamsomea na baba. Kuhusu mizinga kuinuliwa, alitikisa kichwa akasema kwamba wazee waliitundika juu ya mti kwa sababu hiyo hiyo, na kwamba sisi vijana ndio tulioishusha chini tulipoletewa maboksi. Nimebaki na maswali mawili. La kwanza, mzinga ukishainuliwa, mnyama hula nini? Hatahamia kwa jirani ambaye hajainua? La pili, nyuki wa kule ni nyuki gani? Maana nyegere wetu ana ngozi nene, lakini huyo wa gamba anawezaje kuvumilia miiba kama nyuki ni wakali?

Binti Mtafiti amejibu:

Nianze na la pili, kwa kuwa jibu lake litakufurahisha. Nyuki wa kule ni damu yenu. Mwaka 1956 mtaalamu wa jenetiki wa Brazili, Warwick Kerr, alipeleka malkia wa nyuki kutoka Afrika, wengi wao kutoka Afrika Kusini, na pia kutoka Tabora, akitaka kupata nyuki wanaostahimili joto. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka karibu na Rio Claro, jimbo la São Paulo, yakachanganyika na nyuki wa Kizungu waliokuwapo, na leo sehemu kubwa ya asali ya Brazili hutoka kwa nyuki hao. Kwa hiyo ndiyo, ni wakali kama mnavyowajua. Armadilo anavumilia kwa sababu ya gamba lake na kwa sababu anakuja usiku, wakati nyuki hawaruki vizuri.

Kuhusu la kwanza, majana ni kitoweo tu. Chakula chake cha kila siku ni mchwa na chungu, ambao hakuna anayewainulia kichanja, na maadamu vichuguu vipo kwenye pori lake, hafi njaa. Suala la jirani ni la kweli, na ndiyo sababu mradi ulilazimika kufanya kazi na wafugaji wa eneo zima badala ya mmoja mmoja. Kumbuka zile kilomita za mraba 25: mnyama mmoja anaweza kupita mashamba ya watu kadhaa katika mzunguko wake, na akipata mzinga mfupi kwa mmoja, atafika.

Nami nina ombi kwako. Huko Sikonge mna muhanga, na najua mashimo yake yapo hadi pembeni ya mashamba ya tumbaku. Ukipata nafasi, chagua kipande kimoja cha pori unachokijua na shamba lililopakana nacho, uhesabu mashimo ya kila upande, upime upana wa mlango, na uandike kama lina utando wa buibui au mchanga mbichi. Usisahau kuandika umbali kutoka kwenye mzinga ulio karibu.

Mrina wa Sikonge amejibu:

Nitafanya hivyo mvua zikikatika, kabla watu hawajaanza kuchoma majani. Baba amesema anajua mashimo manne ng'ambo ya mto, na moja lina ngiri ndani, kwa hiyo hilo nitalipima kwa mbali.